Daftari langu la sukari limejaa namba za uongo

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, ni mwalimu wa darasa la pili hapa Tanga, na nimeolewa mwaka jana. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nilipokuwa kidato cha pili. Nataja aina kwa makusudi, kwa sababu kila ninayemwambia hujibu "mbona u mwembamba?" au "ulipenda sana pipi utotoni, eeh?"

Nachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70, mara mbili: saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatoka, na saa moja jioni. Miaka mingi nilikwenda nayo vizuri. Tangu mwaka jana sukari yangu haieleweki kabisa. Jumatatu naamka na 5.8, nafurahi. Jumanne, baada ya chakula kilekile na uniti zilezile, naamka na 16.4. Sikula keki wala sikunywa soda; nilikula wali wa nazi, samaki na mchicha. Kuna mchana inakuwa 14, na kesho yake saa saba kasoro natetemeka mbele ya watoto, jasho linanitiririka, ubao nauona miwili. Juzi mtoto mmoja alikimbia ofisini kusema mwalimu amelewa. Nilipopima ilikuwa 2.9.

Usiku ndiyo balaa zaidi. Tangu daktari aniongezee dozi ya jioni, naamka usiku wa manane shuka limelowa na moyo unakwenda mbio. Naingia jikoni nakunywa soda nzima, nakula mkate, kiporo, chochote ninachokiona. Asubuhi nina 17. Mume wangu anakuta vyombo mezani, anasema, "Unakula kwa kujificha, halafu unashangaa sukari kupanda." Hasemi kwa ubaya, ila inaniuma.

Sasa hili sijamwambia mtu. Kwenye kliniki ninayohudhuria, muuguzi akifungua daftari anazungushia kila namba iliyozidi 10, kisha anauliza kwa sauti, wenzangu wakisikia kwenye benchi: "Hapa ulikula nini?" Siku moja nilimjibu ukweli kwamba sikula chochote cha ajabu. Akacheka, akasema wote tunasema hivyo. Tangu hapo, usiku wa kuamkia kliniki nakaa na kalamu mbili za rangi tofauti najaza namba za kutunga: 6.7, 7.1, 5.9. Kusema kweli hata namba za kweli ni chache. Stripu za kupimia sukari ni ghali, boksi la 50 lazima linifikishe mwezi na zaidi, kwa hiyo napima asubuhi tu, na siku nikijisikia vibaya. Mara ya mwisho kipimo cha miezi mitatu kilitoka asilimia 10.3. Daktari akatazama daftari, akatazama karatasi ya maabara, akaniongezea uniti za jioni.

Mambo mengine nafanya kama nilivyofundishwa. Sindano nachoma paja la kulia, palepale nilipozoea, maana hapaumi tena. Insulini naweka kwenye friji, ingawa umeme ukikatika huwa nakosa amani. Mama mkwe ameniletea unga wa mlonge na magome ya kuchemsha. Jirani yake alitumia akaacha dawa kabisa. Na tunatamani mtoto, lakini kwa hali hii naogopa hata kuuliza.

Shangazi, mwili wangu umeniasi, au ni mimi mzembe kama wanavyodhani?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Umeandika mengi mazito, lakini nilipofika kwenye paja la kulia nilirudi kusoma mara ya pili. "Palepale nilipozoea, maana hapaumi tena." Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ya kliniki ya kisukari, na kama ningeruhusiwa kumwuliza swali moja tu mgonjwa ambaye sukari yake inaruka bila sababu, nisingemwuliza amekula nini. Ningemwambia anionyeshe anapochoma.

Leo jioni kabla ya sindano, kaa kwenye mwanga, pitisha vidole taratibu juu ya paja hilo, kisha fanya hivyo kwenye paja la kushoto. Ukihisi uvimbe laini, au sehemu iliyokakamaa kama mpira chini ya ngozi, hilo ni rundo la mafuta lililojengwa na insulini yenyewe kwa kuchomwa mahali pamoja miaka nenda rudi. Kurudia sindano moja mara nyingi huzidisha. Hapaumi, ndiyo maana watu hupapenda. Lakini insulini ikiingia humo haina ratiba: leo inanyonywa polepole na kidogo, unaamka na 16, kesho inatoka kwa wingi, unaangukia 2.9. Chakula kilekile, uniti zilezile.

Paache hapo papumzike kwa miezi. Hamia tumboni, vidole viwili au vitatu mbali na kitovu, paja la kushoto, na makalio upande wa juu, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Ila sikiliza vizuri hapa: usihame kimyakimya. Mahali papya insulini hunyonywa yote, na dozi uliyoizoea kwenye uvimbe inaweza kukushusha vibaya. Mwambie daktari kabla ya kuhama. Mara nyingi hupunguza uniti kidogo mwanzoni, na wewe unapima zaidi wiki hiyo.

Hapohapo kwenye sindano kuna jambo dogo. Insulini yako ina tui chini na maji juu. Isipochanganyika sawasawa, leo unavuta maji mengi, kesho tui jingi. Ibiringishe chupa katikati ya viganja na kuigeuza juu chini, taratibu, mara kumi na tano au ishirini hivi mpaka iwe nyeupe yote. Usiitikise kwa nguvu. Najua ulifundishwa, najua pia saa kumi na mbili asubuhi ukiwahi daladala chupa hugeuzwa mara mbili tu ikatosha.

Sasa tuutazame mchana wako na usiku wako pamoja, maana kwangu ni jambo moja. Insulini ya 30/70 ni mbili ndani ya chupa moja. Ile 30 ni ya haraka: huanza baada ya kama nusu saa, hufika kilele kati ya saa mbili na nne baada ya kuchoma. Ile 70 ni ya polepole, na kilele chake huja kati ya saa nne na kumi baada ya kuchoma. Hesabu mwenyewe. Unachoma saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kuanzia saa nne mpaka saa kumi alasiri kuna insulini nyingi mwilini, umekula au hujala. Saa saba kasoro bado umesimama darasani, chakula cha mchana hakijafika, chai ya saa nne huenda uliinywa nusu ukisahihisha madaftari. Sukari isishuke kwa nini? Unachoma tena saa moja jioni, na kilele cha pili kinakukuta usingizini, tangu saa tano usiku mpaka alfajiri. Jasho, moyo kwenda mbio, shuka kulowa: hiyo ni sukari iliyoshuka. Ulipoongezewa uniti za jioni, usiku wako ulizidi kuwa mbaya.

Halafu inakuja 17 ya asubuhi ambayo mume wako anaiita ulaji wa siri. Yuko sahihi kwamba ulikula, amekosea kwa nini ulikula. Mwenye sukari ya 2 na kitu hali kwa ulafi. Ubongo wake unalilia glukosi na unamsukuma ale mpaka hofu iishe, na hofu huchelewa kuisha kuliko sukari kurudi. Soda nzima, mkate na kiporo ni dawa mara nne ya ilivyohitajika. Kinachotakiwa ni gramu 15 hivi za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Kisha unasubiri dakika 15 na kupima tena. Bado iko chini ya 4? Rudia kiasi kilekile. Ikipanda na muda wa kula uko mbali, kula kitu kidogo chenye wanga, ndizi au kipande cha mkate, urudi kulala. Dakika hizo 15 ni ndefu kuliko kipindi cha mwisho cha Ijumaa, sikudanganyi. Ndiyo maana ninapenda sukari iwe imepimwa tayari kwenye kikopo kando ya kitanda, na kingine kwenye droo ya meza yako darasani. Ukiingia jikoni, jikoni litakushinda.

Mpe mume wako sehemu hii aisome. Usiku ukitokwa na jasho, kazi yake ni kuwasha taa, kukupa kikopo, na kukaa nawe mpaka upime mara ya pili. Ajue pia kwamba ukiwa huwezi kumeza au hujitambui, asikumiminie chochote mdomoni; akulaze ubavu na kukukimbiza hospitali. Watoto wa darasa la pili nao wanaweza kuambiwa kwamba mwalimu akitetemeka anahitaji kikopo cha kwenye droo. Yule aliyekimbilia ofisini alikuwa na akili, alikosa maelezo tu.

Nije kwenye daftari.

Sikugombezi kwa namba za kutunga. Ningekuwa nimekaa kwenye benchi lile huenda nami ningeleta kalamu mbili. Swali la "ulikula nini?" limewafundisha wagonjwa wengi kudanganya, na sisi tulio upande wa meza tumelipwa kwa madaftari masafi yasiyo na faida. Lakini tazama kilichokupata. Daktari aliona asubuhi 6.7, 7.1, 5.9, akaona 10.3 ya maabara, ambayo ni wastani wa sukari inayokaribia 14 kwa miezi mitatu. Namba hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Akakisia. Akaongeza jioni, wakati ambapo pengine ulishakuwa unashuka. Wewe ni mwalimu: mtoto akinakili majibu kwa jirani, utajuaje kwamba hajaelewa kutoa kwa kukopa? Utapita uende mada nyingine. Daktari wako amepita.

Kwa hiyo safari ijayo nenda na daftari jipya. Ukipata nafasi ya kuwa na daktari peke yenu, mwambie kwa maneno machache: "Daktari, namba za nyuma nilizibuni kwa sababu niliaibishwa. Hizi ni za kweli. Nashuka usiku, nashuka saa saba mchana, na paja langu lina uvimbe." Sentensi hizo zitamsaidia kuliko kurasa arobaini za 6.7. Kwa muuguzi, akiuliza ulikula nini, mjibu kwa adabu: "Sista, nimekuandikia pembeni chakula, uniti na saa. Naomba tuangalie pamoja." Wengi hubadilika wakipewa kitu cha kuangalia. Asiyebadilika, omba kuonana na mwingine, au mwombe daktari apokee daftari mwenyewe. Kuomba hivyo si utovu wa nidhamu.

Stripu zako chache zinatosha kuliko unavyodhani, ila unazitumia vibaya. Kipimo kimoja kila asubuhi kinakuonyesha dirisha moja la nyumba mwezi mzima. Badala yake, chagua siku tatu mfululizo za kazi na upime mara tano kila siku: kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni, wakati wa kulala, na saa tisa usiku. Hizo ni stripu 15. Siku nyingine pima asubuhi, au zungusha saa: leo asubuhi, kesho mchana, keshokutwa kulala. Weka akiba kwa ajili ya siku za kushuka na za kuugua. Ukisoma safu hizo tatu utaona mambo: kipimo cha kabla ya chakula cha mchana na cha kabla ya jioni kinasema habari za sindano ya asubuhi, cha kulala, cha saa tisa na cha kuamka kinasema habari za sindano ya jioni. Namba moja mbaya haina maana yoyote. Zikiwa mbaya saa ileile siku tatu, hapo pana kazi ya kufanya, na ibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Ukihamisha sindano, ukabadili chakula na uniti wiki moja, hutajua kipi kilichosaidia.

Kabla hujapima, nawa mikono kwa maji. Najua ninaongea na mtu wa Tanga, ambako machungwa ya Muheza yakianza kila mtu ana kisu mkononi. Wajapani walichapisha mwaka 2011 jaribio ambalo watu wenye sukari ya kawaida walimenya matunda kisha wakapimwa kidoleni: mashine ilionyesha sukari ya juu kabisa, hata baada ya kidole kufutwa kwa spiriti. Waliponawa kwa maji ya bomba, ikarudi kawaida. Sijui ni 16 ngapi nilizoziona kliniki zilikuwa chungwa. Na mashine yenyewe ina uhuru wake: kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinairuhusu kupotoka kwa asilimia 15 juu au chini sukari ikiwa 5.6 na kuendelea. Damu yenye 8 inaweza kusomeka 7 sasa hivi na 9 dakika moja baadaye, bila wewe wala mashine kuwa na kosa.

Hapa ndipo ninapotaka unisikie zaidi, kwa sababu umeniuliza kama ni mzembe. Hata ukihama paja, ukibiringisha chupa, ukinawa, ukila kwa saa, namba zitaendelea kupanda na kushuka. Mwaka 2004 kulichapishwa utafiti ambamo watu wenye kisukari kama chako walichomwa dozi ileile ya insulini ya polepole ya aina iliyomo kwenye chupa yako, siku tofauti, wakiwa wamelazwa na kuchunguzwa mfululizo. Hakuna daladala, hakuna watoto 60, hakuna kiporo. Nguvu ya dozi ileile, kwa mtu yuleyule, ilitofautiana sana siku hadi siku, zaidi ya insulini mpya zilizolinganishwa nayo. Na katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliokamilika 1993, watu 1,441, kundi lililodhibiti sukari kwa nguvu lilipunguza hatari ya macho kuharibika kwa asilimia 76, kwa walioanza na macho mazima. Lakini kushuka vibaya kwa sukari kulikuwa kama mara tatu ya kundi lingine. Hao walikuwa na timu nzima ya wataalamu nyuma yao. Wewe una boksi moja la stripu.

Yapo mengine ya kuandika pembeni ya namba ili siku moja yajieleze. Wali wa nazi, kwa mfano: mafuta huchelewesha tumbo kutoa chakula, kwa hiyo unaweza kulala na 7 nzuri na sukari ya wali ikafika usiku wa manane. Siku chache kabla ya hedhi wanawake wengi hupanda bila sababu nyingine, kwa hiyo weka alama tarehe. Siku ya michezo shuleni au ya kufua mashuka, sukari inaweza kushuka usiku wa siku hiyo, na hata kesho yake. Kugombana na mtu, kukosa usingizi, jino bovu. Alfajiri nako homoni za kuamsha mwili husukuma sukari juu kwa baadhi ya watu hata bila kula. Kipimo cha saa tisa usiku ndicho kitakachotofautisha hilo na soda ya usiku.

Malaria au homa yoyote, sukari hupanda hata kama hujala. Usiache insulini hata siku moja kwa sababu ya kukosa hamu ya kula; kunywa maji mengi, pima mara kwa mara. Ukianza kutapika, tumbo kuuma, pumzi kuwa nzito na ya haraka au yenye harufu ya matunda yaliyoiva sana, usisubiri asubuhi. Hiyo ni asidi ya ketoni kwenye damu, na inaua.

Umeme usikunyime raha. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, mbali na barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Ile unayoitumia inaweza kukaa nje, mahali penye kivuli, wiki nne hivi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, wakaiga joto hilo maabara, kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Kwenye vibanda vya Tanga vinavyochemka kwa joto la Februari, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, na mchanga uliolowa katikati, kinasaidia. Usiiache kwenye dirisha la jua wala kwenye gari.

Mlonge. Mama mkwe amekuletea kwa upendo, na majani ya mlonge ni mboga nzuri, kula. Lakini jirani yake aliyeacha dawa hana ugonjwa wako. Wenye aina ya pili wana insulini yao, haifanyi kazi vizuri. Kwako kinga ya mwili imeziharibu chembe za kongosho zinazoitengeneza. Hapo, ndiyo, unaweza kusema mwili umekuasi, lakini wewe hukufanya chochote kuuchokoza. Hakuna gome litakaloziotesha tena. Kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza huko Toronto, watoto wenye aina hii walikufa, wengi wao ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mwambie, "Mama, ahsante, mlonge nitakula na ugali, sindano naendelea nayo." Magome usichemshe; hujui yana nini, na wala yeye hajui.

Ukiwa kliniki uliza pia jambo hili: je, insulini yako ya jioni inaweza kutenganishwa, ile ya haraka wakati wa chakula na ile ya polepole wakati wa kulala? Kilele husogea kuelekea alfajiri badala ya kukukuta usiku wa manane. Au insulini za kisasa zisizo na kilele kikali; Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, ingawa bei na upatikanaji ni habari nyingine, na hospitali yako ndiyo itakayojua kilichopo. Sindano zitaongezeka. Kwa mwalimu ambaye saa yake ya kula inaamuliwa na kengele, naona inafaa.

Na mtoto. Uliza, mwanangu, tena uliza mapema, maana mwenye kisukari cha aina ya kwanza anazaa. Tatizo ni wakati. Viungo vya mtoto hujengwa katika wiki nane za kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua, na sukari ya juu wakati huo huongeza hatari ya mimba kutoka na ya kasoro za moyo na uti wa mgongo. Madaktari wanapenda kipimo cha miezi mitatu kiwe chini ya 6.5 kama kinaweza kufikiwa bila kukuangusha kila usiku. Kikiwa juu ya 10, kama chako, ushauri ni kutumia uzazi wa mpango kwanza. Kila asilimia utakayoishusha inapunguza hatari, hata usipofika 6.5. Mwambie daktari mnataka mtoto, mpimwe macho na figo, na uandikiwe asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku ya kuanza miezi mitatu kabla ya kushika mimba. Vile vidonge vya kawaida vya kliniki ya wajawazito vina kiasi kidogo kuliko hicho. Nenda na mume wako siku hiyo. Mengi aliyoyadhani kuhusu sahani za usiku atayasikia hukohuko.